Kula na Kura

Ulimi una mfupa. Waliosema hauna walikaa zao pwani wakinywa kahawa, wala hawakuwahi kupanda mpaka Gesima, huko milima ya Gusii, wakamwagiza mtu atamke l. Wangepanda, wangeuona huo mfupa kwa macho yao. Mtu anaanza vizuri, anaukunja ulimi, anaupeleka mahali pake, kisha l inafika kwenye meno na kugeuka r, kama ng'ombe aliyekumbuka njia ya zizini. Lala inakuwa rara. Lima inakuwa rima. Na kula, jambo la kila kiumbe mwenye tumbo, inakuwa kura.

Herufi hiyo moja ndiyo iliyomfikisha Orpah Nyangate dukani kwa Mzee Gulled, mjini Kisii, mwaka wa sabini na nne, mwaka wa uchaguzi, akiwa amesimama mbele ya gramafoni. Santuri yake ya kwanza ilikuwa ikizunguka. Ilikuwa ya majaribio tu, jalada jeupe halina hata picha, lakini sauti iliyotoka humo ilikuwa gitaa lake.

"Sikiliza hapa mwisho," alisema Thadeus Mogaka. "Sikiliza vizuri kabisa."

Thadeus ndiye aliyetumwa na kampuni ya santuri ya Nairobi. Alizaliwa Suneka, lakini alikuwa ameishi mjini kiasi cha kufunga tai hata akienda kununua viberiti, na aliitamka l kwa uangalifu wa mtu anayeshusha mayai kutoka darini.

Sindano ikafika wimbo wa mwisho. Sauti za akina mama zikalijaza duka:

*Mizani, Mizani, umepima kila kitu,*
*Sasa tunataka kura, kura ni haki ya mtu.*

Orpah akatabasamu. "Wameimba vizuri, sivyo?"

"Wanaimba nini?"

"Wanataka kula. Wana njaa. Si ndio mwisho wa hadithi?"

Thadeus akairudisha sindano nyuma. "Sasa sikia kwa masikio ya mtu asiye wa huku."

Akasikia. Tabasamu likamtoka usoni polepole.

"Kura," alisema.

"Kura! Mwaka huu, kati ya miaka yote! Wakubwa wangu walipolisikia, mmoja alijimwagia chai mapajani. Wanauliza ni nani aliyekutuma."

"Lakini wewe ulikuwepo, Bwana Thadeus. Ulikaa pale na kinasa sauti chako, na vile vitu umevivaa masikioni. Mbona hukusema?"

Thadeus akaigusa tai yake. Jibu lilikuwa moja tu: masikio yake nayo yalizaliwa Suneka. Mchana ule wa kurekodi, karibu kila sikio lililokuwamo lilikuwa la Kigusii, na kwa sikio la Kigusii akina mama wale waliimba kula, sawasawa kabisa.

"Mimi nilisikia," alisema mtu nyuma yao.

Alikuwa Ladan, binti wa Gulled, aliyekuwa akikunja vitambaa upande wa pili wa kaunta. Ladan alizaliwa palepale mjini, katika ukoo wa wafanyabiashara Waislamu, na Kiswahili chake kilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Katika santuri hiyo ndiye aliyekuwa sauti ya Mizani.

"Ulisikia ukanyamaza?" Orpah akamgeukia.

"Nilidhani umekusudia." Ladan alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Walahi, Orpah. Nilimwambia baba, huyu shoga yangu hana woga. Ameficha kura ndani ya kula. Nikakuheshimu mno."

Maneno hayo yalimwingia Orpah pabaya. Kusifiwa kwa ushujaa ambao hukuufanya ni kama kuvishwa kanzu ya mtu mwingine: unatembea nayo, lakini unaogopa mwenyewe atatokea.

Thadeus akatoa masharti. Jumapili kutakuwa na onyesho katika jumba la sinema, kuitangaza santuri, na mwandishi wa gazeti atakuwepo. Mwishoni Orpah atashika kipaza sauti na kuomba msamaha mbele ya watu: aseme neno lile lilikuwa kosa la ulimi wa wanawake wa mlimani, hawakujua wanachosema. Baadaye atakwenda Nairobi, wimbo urekodiwe upya na wasichana wa huko wanaojua kutamka. Akikataa, ukanda wote utafutwa na hakutakuwa na santuri.

"Na akina mama wenyewe wakitamka vizuri?" Orpah aliuliza. "Wakijifunza?"

"Wakiweza, nitawarekodi wao. Msamaha uko palepale." Akaichukua kofia yake. "Nakuachia hiyo santuri, ili usikie kosa lako mpaka likuchoshe."

*

Ni lazima niseme santuri hiyo ilikuwa nini, maana ilikuwa haijawahi kutokea kitu kama hicho Gusii nzima.

Orpah alikulia kwa nyanya yake, nyumba yenye redio moja na ng'ombe wengi. Siku moja redio ilimleta mzungu wa Marekani akiimba kwa kuvuta, gitaa likilia nyuma yake kama kitu kilichokwama matopeni. Nyanya akaacha kukamua. "Huyu analilia nini?" Orpah, aliyejua Kiingereza cha shule, akamwambia ni mchunga ng'ombe, na ng'ombe wamepotea, na mke pia. "Ng'ombe walipotea kwanza au mke?" Ng'ombe, nyanya. "Basi huyo ni mtu. Mwache aimbe."

Tangu siku hiyo Orpah hakuona ajabu kwamba muziki wa kantri na nyimbo za ebisarate, zile kambi za zamani ambako vijana wa Kigusii walilinda mifugo, ni ndugu wa tumbo moja waliopotezana. Alipomaliza chuo cha ualimu alifundisha mchana, na mwisho wa juma alipiga gitaa la umeme hotelini. Walevi waliagiza nyimbo za mapenzi. Kichwani mwake palikuwa na kitu kingine.

Kilianzia kwenye kituo cha kununulia majani ya chai. Alimwona mama yake, Drusilla, ametua kapu lake, na watu wote wamenyamaza wakiitazama sindano ya mizani kana kwamba ndiyo inayotoa hukumu ya mwisho. Akajiuliza: je, ikiendelea hivi? Itakuwaje mwaka wa elfu mbili?

Ndipo zikazaliwa nyimbo, zote hadithi moja, kila wimbo ukianzia pale mwenzake alipoishia. Mwaka wa elfu mbili milima yote ina mwenyewe mmoja, naye si mtu. Ni Mizani. Ilianza na chai, ikahamia ndizi, ikaanza kupima watoto wakizaliwa, halafu machozi, halafu maneno. Mtu anakula kwa uzito wa alichotoa jana. Wimbo hauna uzito, kwa hiyo anayeimba ni mwizi wa wakati. Ila juu ya kilima cha Manga, ndani ya ukungu, kuna msichana anamchunga ng'ombe wa mwisho nchini, na ng'ombe huyo hakubali kukamuliwa bila kuimbiwa.

Ungeyasikia hayo kwa gitaa la kantri tu, ungesema ni kichekesho. Lakini Orpah alimleta mpigaji mmoja, Nyamongo, na obokano yake, kinubi kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti ya chura wa mtoni, akaiweka chini ya gitaa. Alitafuta mpiga ngoma wa roki aliyepasua ngoma mbili kabla ya chakula cha mchana. Ladan alitia dufu la maulidi kila Mizani ilipotembea, akaisemea Mizani kwa Kiswahili baridi, kisicho na tone la jasho. Na watu wa milimani, wenye njaa, walikuwa akina mama wa kwaya ya Kisabato ya Gesima, wakiongozwa na Drusilla, wakiimba kwa sauti nne kama walivyozoea kuisubiri mbingu.

Walirekodi katika ghala la ngozi la Mzee Gulled. Ngozi za ng'ombe zilitundikwa ukutani mpaka dari, hakuna mwangwi ungeweza kupona humo. Harufu ilikuwa kali, na akina mama waliimba wakiziba pua kati ya beti. Ndiyo maana ukiisikiliza vizuri kuna pumzi kubwa kabla ya kila kiitikio. Watu wa mjini waliisifu baadaye, wakasema ni ufundi.

*

Orpah alipanda Gesima kesho yake. Akawakuta akina mama shambani, vidole vikikimbia juu ya chai.

"Baba," akamwita mama yake, kwa kuwa kwa Kigusii neno hilo ni la mama mzazi, na Waswahili washangae wapendavyo. "Kuna tatizo na wimbo wa mwisho."

Akawaeleza. Drusilla alisikiliza mpaka mwisho, kapu mgongoni, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalitua kapu. Wenzake wakadakia, shamba zima likawa kicheko.

"Kwa hiyo tumedai kura! Mimi Drusilla! Na mume wangu anasema sijui kudai hata sukari!"

"Si mchezo, baba. Wanataka kuwatoa ninyi. Waweke wasichana wa Nairobi."

Kicheko kikakatika. Drusilla akaangalia vidole vyake vyenye utomvu mweusi.

"Watatoa sauti zetu wabakize jina lako?"

"Msipojua kutamka."

"Na wewe unasemaje?"

Orpah alichuma jani moja, akalikunja. Alitaka kusema kwamba ameingoja santuri hii maisha yake yote, kwamba usiku analiona jalada lake, kwamba msamaha ni maneno machache tu na maneno hayachubui. Pia alitaka kusema kwamba Ladan anamheshimu kwa kitu asicho nacho.

Mama yake akamsoma. Wazazi wana shahada ya kusoma nyuso za watoto wao. "Basi," alisema Drusilla, akilipandisha kapu, "hatutakuharibia. Tufundishe hiyo r yenu."

"L, baba."

"Ndiyo, hiyo r."

Wakafundishwa. Juma zima chai ya Gesima ilichumwa kwa somo la matamshi.

"Ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu. Ku-la."

"Ku-ra."

"Usiutikise ulimi. Uache utulie. La."

"Nimeutuliza, Orpah, ni wenyewe unaotikisika!"

"Mshikieni Bonareri ulimi!"

"Ushike wako kwanza, wewe unayeita lori rori!"

Lakini wanawake waliolelewa na kilima hawashindwi na herufi. Wakailima mpaka ikakubali. Ilipofika Sabato, kwaya ilisimama kanisani ikaimba haleluya yenye l mbili kamili, na mchungaji, aliyezoea hareruya maisha yake yote, akageuka kuangalia ni wageni gani wameingia.

Orpah alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Angefurahi. Badala yake alisikia kitu kimepungua, kama mchuzi uliochujwa vipande vyote vya nyama ili uwe laini.

*

Kuna jambo hakulijua. Mjini, Mzee Gulled alikuwa ameifunga spika ya tarumbeta juu ya mlango wa duka, na santuri ya majaribio, aliyoiacha Orpah dukani, ilikuwa ikipigwa kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, na tena baada ya swala. Binti yake alipomuuliza kama wameruhusiwa, alijibu, "Santuri isiyosikika ni sahani. Na mimi siuzi vyombo." Wachuuzi wa Suneka waliuchukua wimbo wake pamoja na bidhaa zao. Wachonga mawe wa Tabaka waliokuja kuuza vinyago waliondoka wakiugonga mdundo wake kwa patasi. Watoto waliufuata wakiruka kamba.

Jumapili jumba la sinema lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Akina mama waliteremka kutoka Gesima kwa lori la ndizi, wamevaa nyeupe. Mwandishi wa gazeti alikaa mstari wa mbele, Thadeus kando yake, miguu haitulii.

Orpah akaanza. Gitaa likatoa mlio mrefu wa ng'ombe anayeita ndama, na watu walioujua mlio huo tangu kuzaliwa wakanyamaza wote kwa pamoja. Obokano ikaingia chini. Ngoma ikapasuka. Ladan akasimama juu ya kreti, shuka nyeupe kuanzia kichwani, akatangaza kwa upole wa kutisha: "Raia wapendwa, pumzi zenu za leo zimepungua uzito." Mama mmoja mstari wa tatu akamkumbatia mwanawe. Wimbo baada ya wimbo nchi ile ya elfu mbili ikajengeka jukwaani, na hakuna aliyeiona ngeni. Walikuwa wamesimama mbele ya mizani jana yake tu.

Kikafika kiitikio cha mwisho. Orpah alimtazama mama yake. Drusilla akaitikia kwa kichwa: tuko tayari. Wakavuta pumzi.

*Sasa tunataka kula, kula ni haki ya mtu.*

L ilikuwa safi. Ilikuwa l ya mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Wanawake waliokuwa wakiitikisa milima sasa waliimba kwa woga, kila mmoja akiuchunga ulimi wake usiruke ua, na sauti nne zikawa uzi mmoja mwembamba. Watu ukumbini wakatazamana. Thadeus pekee ndiye aliyeshusha pumzi.

"Siyo hivyo!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Mnaikosea!"

"Kura! Imbeni kura!"

Kabla Orpah hajajua la kufanya, ukumbi ukaanza wenyewe. Waliimba walivyoisikia mlangoni kwa Gulled. *Kura, kura ni haki ya mtu.* Waliimba madirishani, waliimba waliokosa nafasi barabarani. Waliokuwa na njaa na waliokuwa na hasira hawakuachana, neno moja liliwabeba wote. Drusilla alikuwa amefunga kinywa, anamtazama binti yake. Hakuwa akiuliza lolote ila ruhusa.

Orpah aliweza l. Alifunzwa chuoni kwa kalamu juu ya ulimi, aliitamka hata usingizini. Miongoni mwa Wagusii wote waliosimama jukwaani siku ile, yeye peke yake ndiye ambaye r kwake ingekuwa hiari.

Akakisogelea kipaza sauti, akaimba, "Kura."

Akina mama wakalipuka. Juma zima la herufi iliyofungwa kamba lilifunguliwa mara moja. Sauti nne zikashuka kama maji ya mlimani, gitaa likazikimbilia, Nyamongo akakata uzi mmoja wa obokano na hakujali. Juu ya kreti, Mizani iliyopaswa kusema neno la mwisho ilivua shuka kichwani, na Ladan, mwenye Kiswahili cha sahani iliyooshwa, akaimba kura pamoja nao huku machozi yakimtiririka.

Thadeus alipanda jukwaani mbio. Alikinyakua kipaza sauti, tai imegeukia begani.

"Mabibi na mabwana! Tafadhali! Tuelewane! Rakini—"

Akasita. Ukumbi nao ukasita. Wote walikuwa wameisikia.

"Karibu nyumbani, mwana wetu!" sauti ya mama mmoja ikaita, na kicheko kilichofuata kilikuwa cha kumpokea mtu, si cha kumfukuza. Thadeus alijaribu kununa akashindwa. Bega lake likaanza kutikisika. Akakifunika kipaza sauti kwa kiganja, akamwinamia Orpah, na alipozungumza hakuwa na mayai ya kushusha tena.

"Dada, nisikie. Nitaitetea hii kitu kwa wakubwa. Itoke hivi hivi, na kura yake, na mama zako wote. Wewe nipe neno moja tu la kuwapelekea. Sema samahani. Hata kwa mdomo wa pembeni. Mwandishi aandike umeomba, basi, yaishe."

Santuri ilikuja kutoka. Watu wa Keroka na Nyamira waliiagiza kwa jina la wimbo huo mmoja, na Mzee Gulled akaifuata mwenyewe Nairobi, akakaa kwenye kiti cha wageni mpaka wakubwa wale wakachoka kumtazama. Ilitoka na r yake imekaa palepale, na pumzi zile za harufu ya ngozi, na majina ya akina mama wa Gesima nyuma ya jalada. Lakini siku ile hakuna aliyeyajua hayo, hata Orpah. Alichojua ni kwamba neno dogo linaweza kumpa kila kitu alichokitaka, na kwamba mwandishi ameshaitoa kalamu.

Thadeus akampa kipaza sauti. Drusilla alikuwa amesimama na wenzake, kitambaa kimemtoka kichwani, anahema kama aliyepanda kilima na kapu limejaa.

"Nimeambiwa niombe msamaha," alisema Orpah. "Lilianza kama kosa la ulimi, sitadanganya. Sikulitunga mimi, lilitungwa na mama zangu bila kujua. Leo nimeliimba kwa kupenda, nikijua maana yake, zote mbili. Mwandishi, andika hivi. Kwa hiyo r, kwa hilo neno, na kwa wanawake walioliimba, siombi msamaha. Sitaomba kesho. Siombi."